SOMO LA MWEZI: SARATANI YA TITI NA UAMUZI WA KUPASULIWA

Akina mama wa Umoja wameleta swali, nasi tumeona vema kulijibu kwa somo zima badala ya mistari miwili mitatu. Swali ni hili: mtu akiambiwa hospitali kwamba ana saratani ya titi, je, ni lazima titi lote likatwe? Na kama si lazima, ni nani wa kuchagua?

Wako ambao kwa kuogopa kukatwa titi hukaa na uvimbe nyumbani mwaka mzima, wakiuficha chini ya kanga, hata ukafika wakati daktari hana tena la kuchagua. Na wako waliotia sahihi karatasi ya hospitali bila kujua kwamba palikuwa na njia mbili. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu, ila kwa kuwa yote mawili huweza kuepukwa mtu akielezwa mapema.

Tuanze na mambo yenyewe. Saratani ya titi inapogunduliwa ikiwa bado changa, yaani uvimbe ni mdogo na haujashika ngozi wala kifua, kuna namna mbili za kupasua. Namna ya kwanza ni kuondoa titi lote. Namna ya pili ni kuondoa uvimbe pamoja na nyama nzima kidogo inayouzunguka pande zote, na kuliacha titi. Kisha, kidonda kikiisha kupona, titi lile hupigwa mionzi ili kuua chembe za saratani ambazo jicho la mpasuaji haliwezi kuziona. Katika namna zote mbili mpasuaji huyaangalia pia matezi ya kwapani, maana saratani ya titi ikianza safari mara nyingi hupitia huko.

Hapo msomaji atauliza: je, si salama zaidi kukata lote? Shamba likiingiwa na magugu, si afadhali kung'oa kila kitu? Ndivyo walivyofikiri hata madaktari wakubwa kwa muda wa karibu miaka mia. Yafaa tueleze jinsi walivyokuja kubadili mawazo, kwa kuwa fikira ile ingali vichwani mwetu.

Mwaka 1811 mwandishi wa Kiingereza, Fanny Burney, alikatwa titi nyumbani kwake mjini Paris akiwa macho, kwa maana nusu kaputi ilikuwa haijavumbuliwa. Habari kwamba siku imefika aliletewa asubuhi ile ile. Baadaye alimwandikia dada yake barua ndefu akimsimulia yote, na barua hiyo ipo hata leo. Aliishi mpaka 1840. Twamtaja kwa sababu katika habari zake yamo mambo mawili yaliyoendelea kwa miaka mingi baada yake: kisu kilikuwa ndicho tegemeo pekee, na mgonjwa alikuwa wa mwisho kujua.

Mwishoni mwa karne ya 19, nusu kaputi ikiwapo na wapasuaji wakiwa wamejifunza usafi, daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, alianza kukata titi pamoja na misuli ya kifua iliyo chini yake na matezi ya kwapani, vyote kwa mara moja. Alitangaza kazi yake mwaka 1894. Yeye aliamini kwamba saratani hutambaa hatua kwa hatua kutoka titi hadi kwapa na kuendelea, na kwamba mwenye kukata mbali zaidi ataiwahi. Wanawake waliofanyiwa hivyo walibaki na kifua kilichobonyea hata mbavu zikahesabika, na wengi mkono uliwavimba maisha yao yote. Hata hivyo operesheni hiyo ikawa ndiyo desturi, na huko Marekani ilidumu hivyo mpaka miaka ya 1970.

Aliyeipinga kwa nguvu zaidi ni daktari Bernard Fisher wa Pittsburgh. Yeye na wenzake walionyesha kwamba chembe za saratani huweza kuingia katika damu mapema, hata kabla uvimbe haujawa mkubwa. Hapo mfano wetu wa magugu hubadilika. Kama upepo umekwisha kupeperusha mbegu, mtu ang'oe shamba zima, na ua, na majani ya njiani, mbegu zilizokwenda hazirudi. Na kama mbegu hazijapeperuka, kung'oa lile gugu na udongo wake kwatosha. Kwa mbegu zilizokwenda mbali kinachofaa ni dawa zinazozunguka mwilini mwote. Kisu kikubwa hakizifuati huko.

Basi wakajaribu. Kujaribu kwenyewe kulihitaji ujasiri wa wanawake wengi, kwa kuwa ilibidi wakubali kupangwa kwa bahati, kama kupiga kura, nani akatwe titi lote na nani aachiwe. Katika mji wa Milano, Italia, daktari Umberto Veronesi alianza mwaka 1973, na hadi 1980 walikuwa wamepatikana wanawake 701 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2. Nusu walifanyiwa operesheni ile ya Halsted. Nusu waliondolewa sehemu ya titi yenye uvimbe na matezi ya kwapani, wakapigwa mionzi. Marekani nako Fisher alianza yake mwaka 1976, kwa wanawake zaidi ya 1,800. Wote walifuatiliwa miaka 20, na majibu yakachapishwa mwaka 2002. Waliokatwa titi lote hawakuishi zaidi ya walioachiwa titi. Vifo vilikuwa sawa, huko Italia na huko Marekani.

Iliwahi kutokea fadhaa mwaka 1994, ilipofahamika kwamba daktari mmoja wa Montreal alikuwa ameandika uongo katika baadhi ya karatasi za wagonjwa alizompelekea Fisher. Wanawake wengi waliokuwa wamechagua kuacha titi walishtuka. Hesabu zikafanywa upya bila wagonjwa wa daktari yule, na jibu likawa lile lile.

Lakini msomaji azingatie tofauti moja, maana ndiyo itakayotushika mbele. Katika jaribio la Fisher, kati ya kila wanawake 100 walioondolewa uvimbe na kupigwa mionzi, kama 14 walirudiwa na saratani katika titi lile lile kwa muda wa miaka 20. Kati ya kila 100 walioondolewa uvimbe bila mionzi, walirudiwa kama 39. Kurudi katika titi si hukumu ya kifo. Wengi walikatwa titi wakaendelea na maisha. Hata hivyo ni kupasuliwa mara ya pili, na hofu mara ya pili.

Kuhusu nani wa kuchagua, habari hiyo ina mwanamke wake. Zamani za operesheni ya Halsted, mgonjwa wa Marekani alikuwa akitia sahihi karatasi moja tu. Alilazwa kwa nusu kaputi, kipande cha uvimbe kikakatwa na kupimwa papo hapo, na kikionekana ni saratani titi liliondolewa kabla hajaamka. Aliingia chumbani bila kujua kama ataamka nalo au bila nalo. Hata mke wa Rais wa Marekani wa wakati ule, Bibi Betty Ford, alifanyiwa hivyo mwezi wa Septemba 1974. Mwaka huo huo mwandishi wa magazeti, Rose Kushner, aligundua uvimbe titini mwake. Alisema: pimeni kwanza, mniamshe, mniambie, ndipo tuzungumze. Alipata shida kubwa kumpata mpasuaji wa kumkubalia jambo ambalo leo twaliona la kawaida. Alipopona aliandika kitabu, akasumbua wakubwa, na mwaka 1979 akaketi kama mjumbe katika mkutano ulioitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani. Mkutano ule ulisema operesheni ya Halsted isiwe tena ndiyo kawaida, na kwamba kupima na kukata vitenganishwe kwa wagonjwa walio wengi. Bibi Kushner alifariki mwaka 1990. Mama yeyote anayeambiwa leo, "Rudi wiki ijayo uchukue majibu ya kipimo, kisha tutaongea," amefaidika na ukaidi wake.

Sasa turudi kwetu. Tulisema njia ya kuacha titi inakwenda pamoja na mionzi. Mionzi hupigwa siku tano kila wiki, kwa kawaida muda wa wiki tatu hadi tano au zaidi kidogo, ingawa siku hizi baadhi ya hospitali zimeweza kufupisha. Kila siku ni dakika chache tu, wala hakuna maumivu wakati wa kupigwa, ila ngozi huweza kubadilika kama iliyoungua jua na mtu huchoka. Shida ni mahali. Mashine za mionzi ziko katika hospitali chache, kama Ocean Road iliyoko Dar es Salaam na Bugando iliyoko Mwanza. Zahanati haina, na hospitali ya wilaya haina.

Tuchukue mfano wa akina mama wawili wenye uvimbe wa namna moja, sentimita 2, uliogunduliwa mapema. Wa kwanza anakaa Temeke. Anaweza kupanda daladala asubuhi, akapigwa mionzi, akarudi kupika chakula cha mchana. Wa pili anakaa kijijini, wilaya ya Tunduru. Kwake Dar es Salaam ni safari ya siku nzima kwa basi, na hawezi kwenda na kurudi. Lazima apate mahali pa kulala wiki zote hizo, na chakula, na mtu wa kumwangalizia watoto na shamba, labda wakati wa palizi. Mama wa kwanza akichagua kuacha titi, amechagua vema. Mama wa pili akichagua kukata titi lote, naye amechagua vema, wala asiambiwe kwamba amechagua kishamba. Anayejiweka hatarini ni yule atakayesema, "Niondoleeni uvimbe tu," akarudi nyumbani akiwa na nia ya kwenda kwenye mionzi baada ya mavuno, kisha nauli isipatikane.

Kwa hiyo kabla ya kuamua, swali la kwanza si "Nalipenda titi langu?" bali "Je, mionzi nitaifikia, na nitakaa wapi?" Ndugu wa mjini mwenye chumba anaweza kuwa ndiye anayeokoa titi la shangazi yake. Inafaa aulizwe kabla ya operesheni.

Wala mtu asikate titi lote kwa kudhani amekwepa mionzi kabisa. Uvimbe ukiwa mkubwa, au matezi ya kwapani yakikutwa na saratani, daktari huweza kuagiza mionzi hata baada ya titi kuondolewa. Kwa upande mwingine, kwa bibi wa miaka 70 na zaidi mwenye uvimbe mdogo unaosikia vidonge vya homoni, daktari huweza kumwondolea uvimbe na kumpa vidonge bila mionzi. Mambo haya ndiyo ya kuulizwa.

Wako pia ambao uchaguzi huu haupo, au haupo bado. Uvimbe ukiwa katika sehemu mbili tatu za titi zilizo mbalimbali, au mkubwa kuliko titi lenyewe linavyoweza kuvumilia, kwa kawaida titi huondolewa lote. Aliyewahi kupigwa mionzi kifuani zamani kwa kawaida hapigwi tena mahali pale. Mama mjamzito hapigwi mionzi mpaka ajifungue. Na titi likiwa limevimba lote, jekundu, ngozi kama ganda la chungwa, mpasuaji haanzi kwa kisu. Mgonjwa huanza kwa dawa za dripu. Dawa hizo hupewa pia wengine wenye uvimbe mkubwa, na mara nyingine uvimbe hunywea hata ikawezekana kuacha titi lililokuwa likatwe. Ndiyo maana daktari akisema "Tungoje kwanza, tuanze na dawa," hajakata tamaa.

Tumesikia pia wakisema kwamba kisu huamsha saratani: fulani alikuwa mzima mpaka alipopasuliwa, ikamwenea. Tumefikiri juu ya maneno haya. Yametokana na macho ya watu, si na uongo, maana wengi wetu tulifika hospitali tumechelewa, na aliyepasuliwa amechelewa hufariki kwa ugonjwa uliokuwa umekwisha kuenea kabla ya kisu. Kisu hulaumiwa kwa kuwa ndicho kilichoonekana. Na sindano ya kuchukua kipande cha kupima nayo isiogopwe. Bila kipimo hicho daktari hajui kama ni saratani, maana uvimbe mwingi wa titi si saratani, wala hajui ni ya aina gani na inasikia dawa gani.

Je, titi la pili lililo zima nalo likatwe kwa tahadhari? Kwa walio wengi, kulikata hakuongezi maisha. Ni tofauti kwa wale ambao saratani hii imewapata mama, dada na shangazi zao, nao wamepimwa wakaonekana wamerithi. Hao wazungumze na daktari peke yao.

Tufikie jambo gumu zaidi, nalo ni kikao cha ukoo. Katika desturi zetu jambo kubwa haliamuliwi na mtu mmoja, na hatuoni ubaya wake; ukoo ndio utakaotoa nauli na kulea watoto. Ila kikao kisikae bila mwenyewe. Tumesikia ya wakwe walioamua nyumbani kwamba "mke wetu hakatwi," wakati mwenyewe yuko wodini na hakuulizwa. Mgonjwa akiwa mtu mzima na ana fahamu zake, sahihi ni yake. Bwana wake afanye jambo moja lenye msaada kuliko kuamua: aingie naye kwa daktari, asikie kwa masikio yake, maana mgonjwa aliyepata habari ya namna hiyo husikia neno la kwanza tu, na mengine yote humpita. Kama hana bwana, aende na dada au rafiki, na mmoja achukue daftari. Aandike: uvimbe una ukubwa gani, kipimo kimesema nini, je, nafaa kwa kuachiwa titi, na kama sifai ni kwa sababu gani, matezi mangapi yataondolewa, mionzi itapigwa wapi, na foleni yake ni ya muda gani, baada ya hapo kuna dawa gani na kwa miaka mingapi. Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Akiwa na haraka, muuguzi wa wodi mara nyingi anajua mengi.

Na muda wa kufikiri upo. Saratani ya titi haikui kwa usiku mmoja. Wiki mbili au tatu za kuuliza na kupanga hazimharibii mgonjwa. Miezi ya kungoja humharibia. Twawaombea wagonjwa wetu katika ibada kila juma, na tunaowaombea waende kwenye tarehe walizopangiwa.

Yapo mambo ya baadaye ambayo watu huona haya kuyauliza. Mama aliyeondolewa titi moja huweza kunyonyesha kwa la pili. Na titi lililopigwa mionzi kwa kawaida hutoa maziwa kidogo sana au halitoi kabisa. Mkono wa upande uliopasuliwa uanze kufanyishwa kazi nyepesi mapema kama muuguzi atakavyoelekeza, kuchana nywele, kupandisha vidole ukutani, la sivyo bega hukaza. Matezi yakiondolewa mengi, mkono huweza kuvimba hata baada ya miaka. Ukianza kuwa mzito, au ukikatwa na jembe ukapata usaha, mtu aende hospitali asingoje. Katika hospitali zenye vifaa siku hizi mpasuaji hutia rangi titini na kulitafuta tezi la kwanza linaloipokea. Likikutwa zima, huyaacha mengine, na mkono husalimika zaidi. Kuna pia hospitali ambazo huweza kutengeneza titi jipya kwa nyama ya tumbo au ya mgongo, lakini ni operesheni kubwa na gharama yake si ndogo. Na wanaume wasidhani somo hili haliwahusu: katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi, mmoja hivi ni mwanamume, na kwa kuwa hakuna anayemtazamia, huchelewa kuliko wote.

Kwa anayependa nguo zake zikae kama zamani, titi la kitambaa hushonwa nyumbani bila gharama: kitambaa laini cha pamba, kikatwe kwa kufuata umbo la sidiria yake, kijazwe pamba safi, na katikati kitiwe uzito kidogo ili sidiria isipande juu. Kishonwe mfuko wa kukitia ili kifuliwe. Akina mama wa cherehani katika Umoja wamesema wako tayari kushona bila malipo, na anayehitaji hana haja ya kusema mbele ya watu; amwone Mama Kasisi. Maswali mengine yaandikwe bila jina na kutiwa katika sanduku lililo mlangoni pa kanisa, nasi tutayapeleka kwa daktari wa hospitali ya wilaya kabla ya toleo lijalo.